Kamera Kubwa na Uwanja wa Hatua Sita

Uwanja wa mbele wa nyumba ya mama yangu ulikuwa na hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi, na mara moja nilizihesabu vibaya. Siku hiyo nilikuwa nimeweka kamera jichoni, nikirudi nyuma polepole ili nyumba iingie yote kwenye picha. Hatua ya saba haikuwepo. Nilishuka na ukingo kinyumenyume, nikapita katikati ya mibuni, nikatua kwa makalio karibu kabisa na kaburi la baba. Kamera niliishikilia juu muda wote, kama mtu anayevuka mto na mtoto. Mama alikuja mpaka ukingoni, akaniangalia, akaona sijavunjika kitu.

"Umemsalimia?" akauliza.

"Nimemsalimia, mama."

"Haya, panda. Chai inapoa."

Kwetu ni Mgwashi, upande wa Bumbuli. Huko kila nyumba imekaa kwenye ngazi yake iliyochimbwa mlimani, na mbele ya uwanja kuna ukingo, na chini ya ukingo kuna ngazi nyingine ya shamba. Watu wa tambarare wakikosa nafasi ya kupiga picha wanarudi nyuma. Sisi nyuma yetu kuna hewa.

Picha yenyewe mama alikuwa ameiomba kwa maneno ambayo hayakuwa na utata wowote. Kaka yangu alikuwa ameamua kumjengea nyumba ya matofali palepale ilipo ile ya zamani, kwa sababu hakuna pengine tambarare, na ile ya udongo na mawe aliyoijenga baba ilikuwa imeanza kupasuka kwenye pembe. Mama alikubali bila shida. Alisema nyumba imechoka kama yeye, tofauti ni kwamba yeye havunjwi. Ila alitaka kitu kimoja kabla mafundi hawajaja.

"Nataka picha ya nyumba yote, kuanzia bati mpaka kizingiti," aliniambia. "Mimi nisimame mlangoni, viatu vyangu vionekane. Na baba yenu awemo, hapo hapo alipo."

Baba yuko kwenye ngazi ya chini, kati ya mibuni, chini ya msalaba wa saruji. Alisema mwenyewe kwamba azikwe pale ili asikie watu wakiongea uwanjani. Nikamjibu mama kwamba hilo ni jambo dogo. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari mjini Lushoto, na kwa miaka kama kumi nimekuwa nikipiga picha kwa kujifurahisha, basi nilijiona mtaalamu.

Kamera yangu ni ile ambayo wenyewe wanaiita krop. Ndani ya kila kamera ya siku hizi kuna kibamba kinachopokea mwanga, mahali ambapo zamani ilikaa filamu. Kwenye kamera kubwa, zile za ful fremu, kibamba hicho kina ukubwa uleule wa picha moja ya filamu. Kwenye krop kimepunguzwa pande zote. Kwa hiyo lenzi ileile ukiifunga kwenye krop inaona eneo dogo zaidi, kama mtu anayechungulia dirishani badala ya kusimama mlangoni.

Kwa ndege hiyo ni neema. Hondohondo akikaa juu kileleni mwa mti katika msitu wa Magamba, krop na lenzi ya kuvuta vinamsogeza mpaka unahesabu kope zake. Niliwahi kwenda msitu wa Sigi na wanafunzi, nikarudi na picha ya mbega aliyekuwa mbali sana, na walimu wenzangu wakadhani nilikuwa nimepanda mti. Lakini nyumba haikai kileleni. Lenzi yangu pana, ile iliyokuja na kamera, ilikuwa imeota kuvu ndani, maana ukungu wa kwetu hauna heshima, unaingia hata kwenye sanduku la nguo. Nikabaki na lenzi ya ndege na nyingine fupi ya kupigia sura za watu. Kwa hiyo fupi, nikisimama mwisho wa uwanja, nilikuwa napata mlango, dirisha moja, na nusu ya mama.

Mjini Lushoto kuna mpiga picha wa harusi ambaye ana ful fremu. Ni kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi, lakini baada ya shikamoo huwa anachokoza.

"Mwalimu, krop ni ya kujifunzia," alikuwa akiniambia kila tukikutana. "Sasa wewe utajifunza mpaka lini?"

Mimi ni mbishi, sikatai. Nilimbishia habari za ndege, nikambishia habari za uzito, nikamwambia kamera yake ni kubwa kama kinu. Kumbe maneno yake yalikuwa yameshaniingia. Sikuwahi kukesha hata usiku mmoja kwa ajili ya mitihani kama nilivyokuwa nakesha mchana kweupe, kwenye chumba cha walimu, nikisoma kwenye simu maneno ya watu wanaobishana kuhusu kamera. Huyu anasema krop inatosha, yule anasema bila ful fremu unajidanganya. Nilikuwa nawachukia wote na kuwasoma wote.

Baada ya kuanguka kule kwenye mibuni nikapata hoja niliyokuwa naitafuta. Nilimwambia mama, "Subiri kidogo. Nanunua kamera kubwa, ile inayoona eneo pana. Hapo picha yako itatoka yote."

"Sawa," alisema mama.

Maharage yakavunwa, yakapandwa mengine, nayo yakavunwa. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuwa na sababu. Mara aina fulani inakaribia kutolewa, mara lenzi zake ni za bei ambayo mume wangu aliitazama mara moja tu akaenda kukamua ng'ombe. Mama hakuwahi kuuliza mara mbili. Wanasema ngojangoja huumiza matumbo, lakini mimi niliyemngojesha ndiye niliyekuja kuumwa, na nilistahili.

Likizo ya Juni kaka akapiga simu. Matofali yamefika, mafundi wamepatikana, Jumatatu, si hii bali ile inayofuata, wanaanza kuvunja. Nikaenda mbio kwa yule kijana wa harusi. Sikumwambia maneno mengi, na kwa mara ya kwanza hakunichokoza. Aliniazima kamera yake pamoja na lenzi pana kwa wiki nzima, akanionyesha jinsi ya kuibeba kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

Lazima niseme ukweli kuhusu kamera ile. Jumapili niliingia nayo kanisani, na kanisa letu lina madirisha madogo na mbao nyeusi, mwanga wake ni wa jikoni. Kamera yangu mle ndani hutoa picha zenye chembechembe kama mtu amemwaga mtama. Ile kubwa ilitoa sura za wanakwaya safi kabisa, mpaka kitambaa cha shingoni kinaonekana nyuzi. Niliipenda. Nilikaa nyuma ya kanisa nikitazama kioo chake badala ya kusikiliza mahubiri, na sikujuta.

Jumanne nilikuwa Mgwashi. Mama alivaa kitenge chake cha Umoja wa Wanawake wa kanisani na viatu vyeusi alivyovipaka mafuta, akasimama mlangoni. Mimi nikasimama hatua ya sita, hapo hapo, sikuongeza hata kidole. Na kweli nyumba iliingia yote, bati mpaka kizingiti. Nikamkimbilia na kamera kumwonyesha.

Mama aliitazama kwa muda. "Mbona kuta zimelala?" aliuliza. "Baba yako aliisimamisha kwa timazi."

Nilimweleza kwamba lenzi pana ikiwa karibu hupindisha mistari. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeeleza kwa nini amechelewa.

"Na yeye yuko wapi?"

Baba alikuwa mgongoni kwangu. Alikuwa mgongoni kwangu tangu mwanzo, na hakuna kamera inayoona mbele na nyuma. Nikashuka kwenye ngazi ya chini, nikajiweka ng'ambo ya kaburi, nikaelekeza kamera juu. Niliona msalaba, nikaona ukingo wa udongo umesimama kama ukuta, na juu yake ufito mmoja wa bati. Nyumba ilikuwa imefichwa na uwanja wake wenyewe. Nikapanda mti wa matunda damu ulio pembeni, na kutoka huko nikapata pembe ya jiko na mguu wangu.

"Shuka, mwalimu mzima," alisema mama kutoka juu. "Watu wanapita."

Nilishuka. Nikakaa kwenye mizizi ya ule mti na nikaona aibu, aibu ya kweli. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu nilimwambia mama asubiri kamera, na hiyo kamera nimeishika, na haiwezi. Haikuwezekana tangu siku ya kwanza. Kama ningeshuka na kutazama kwa macho yangu, bila kifaa chochote, ningejua siku ileile. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kwamba kwanza chunguza, ndipo useme.

Sasa kuna jambo la mjomba, mdogo wake mama. Anaishi mlima wa pili, ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la wazee wao. Nyumba zao zinatazamana. Kwa mguu ni karibu saa mbili, kushuka mpaka kwenye kijito na kupanda tena, lakini kila asubuhi wanasalimiana. Mjomba akishamaliza sala yake ya alfajiri na chai, anatoka mpaka shambani, anaweka mikono mdomoni na kuvuta sauti, "Onga makeo!", salamu yetu ya asubuhi. Mama anatoka mlangoni kwake na kumjibu. Kisha wanaulizana habari za ng'ombe na za magoti. Wote wawili wana simu. Niliwahi kumuuliza mjomba kwa nini asipige tu.

"Simu ni ya watu walio mbali," alisema.

Mjomba ni Mwislamu, kama walivyokuwa wazazi wao. Mama aliingia Ulutheri alipoolewa ng'ambo. Siku hizi hilo halimshangazi mtu, ila nasikia enzi zile lilikuwa na maneno mengi, na ilipita muda kabla mahari haijapokelewa. Mama mwenyewe huwa haongelei. Magoti yake yalipoanza kusumbua, aliacha kuvuka bonde, na ni miaka mingi sasa hajafika kwao.

Ijumaa nilivuka mimi, kwenda kumsalimia mjomba na kumpelekea sukari, na zaidi kuikimbia ile nyumba. Nilikuwa na kamera zote mbili shingoni. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akanitazama.

"Umekuwa ng'ombe wa kengele mbili," alisema.

Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya shamba lake la viazi, nikisikiliza habari za mbolea. Hondohondo akapita akivuka bonde, yale mabawa yakivuma. Kwa mazoea tu nikainua kamera yangu ndogo na lenzi ya ndege, nikamfuata. Alipita juu ya msitu mdogo, juu ya shamba la mtu, juu ya bati. Nikamwacha aende. Bati lile lilikuwa letu.

Nyumba yote ilikuwa ndani ya kioo. Kuta zilikuwa wima. Chini yake uwanja, chini ya uwanja ukingo, chini ya ukingo mibuni, na kati ya mibuni ule msalaba mweupe. Mteremko uleule ulioniangusha ndio uliovipanga vitu vyote kimoja juu ya kingine, hakuna kilichomficha mwenzake. Sisi tulikuwa tunahitaji kurudi nyuma, kumbe pa kurudi nyuma ni mlima wa pili. Nilijaribu ile kamera kubwa na lenzi yake pana, nikaona mlima mzima, na nyumba ya mama kama kiberiti kilichoangushwa. Lenzi yangu ya kuvuta haikuingia kwenye kamera ya yule kijana, ni za makampuni tofauti. Hata kama ingeingia, mama angekuwa mdogo zaidi. Hapo ile krop ya kujifunzia ilikuwa kazini.

Nilimweleza mjomba. Alielewa haraka kuliko walimu wengi ninaowajua. Akasimama pembeni mwa shamba, akavuta sauti, akamwambia dada yake kwamba kesho asubuhi avae vizuri na asimame mlangoni, mtoto atampiga picha kutoka huku. Kisha sauti ya mama ikavuka bonde, nyembamba lakini kila neno likasikika.

"Viatu vitaonekana?"

"Vitaonekana!" mjomba alijibu, bila kuniuliza.

Nililala kwa mjomba. Jumamosi tuliamka na ukungu. Bonde lilikuwa limejaa mpaka juu, huoni hata kijiti cha mwisho wa shamba. Niliegemeza lenzi juu ya gunia la viazi pale kwenye jiwe, nikaielekeza nilikodhani nyumba iko, nikangoja. Ndiyo siku pekee niliyokuwa nayo. Jumapili ukungu ungeweza kuwa uleule, na Jumatatu kaka na nyundo. Mjomba aliita, na mama akajibu kutoka ndani ya ule weupe kwamba ameshavaa, ameshasimama. Sauti ilikuja yenyewe, mtu hayupo.

"Mwambie akae kwenye kiti," nilimwambia mjomba. "Magoti yake."

Mjomba akaita. Jibu likarudi kwamba picha ya kukaa ni ya mgonjwa.

Tulingoja saa nzima. Mjomba alikuwa akimpa dada yake maneno mara kwa mara, asije akadhani tumemsahau, habari za viazi, habari za jirani fulani. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye lile gunia, na moyoni nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mwanamke wa umri ule amesimama mlangoni kwa sababu ya uzembe wangu wa mwaka mzima na nusu, na nitaondoka bila kitu. Kisha ukungu ukaanza kupanda kutoka kwenye kijito. Kwanza ulionekana msalaba. Ikafuata mibuni, ukingo, uwanja. Mwisho akatokea mama, mdogo, amenyooka, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Nilibonyeza mara nyingi sana. Mjomba akasema inatosha, nisije nikachosha, na sijui alimaanisha kamera au mama.

Jumatatu nyumba ilivunjwa. Ilichukua nusu siku tu, na mama alikaa kwenye jiko la nje na chai yake akiwakumbusha mafundi wasikanyage mibuni.

Kamera kubwa niliirudisha kwa mwenyewe na shukrani nyingi. Nilimwonyesha picha. Aliivuta kwenye kioo, akavipata viatu, akacheka.

"Hiyo ni bahati, mwalimu," alisema.

"Hiyo ni krop," nilimwambia.

Sijanunua ful fremu. Nilinunua lenzi pana ya kamera yangu ileile, na boksi linalofunga vizuri la kuzuia unyevu, na nimetulia. Nikiwa kanisani, kwaya ikisimama chini ya yale madirisha madogo, bado huwa nakitamani kile kinu, sitadanganya. Tamaa yenyewe haina haraka tena. Nikitoka nje nikatazama milima inavyotazamana, naona kamera yangu inaijua nchi hii.

Picha niliichapisha mjini, kubwa kama kalenda ya ukutani, nikaitia fremu ya mbao. Nilimpelekea mama jikoni, alikokuwa akiishi wakati matofali yanapanda. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mlango kwenye mwanga. Nilitegemea aanze na viatu, na nilikuwa tayari kumwonyesha. Hakuvitafuta.

"Ulisimama wapi?" aliuliza.

"Shambani kwa mjomba. Pale kwenye jiwe, pembeni ya viazi."

Alitikisa kichwa taratibu. "Jiwe lile lipo bado."

Alikaa kwenye kigoda na picha mapajani. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba alipokuwa msichana walikuwa wakitua kuni kwenye jiwe lile kupumzika. Na ng'ambo kulikuwa na kijana anajenga nyumba yake, peke yake, kama ilivyokuwa desturi kwamba mtu ajenge kwanza ndipo atafute mke. Alichimba ile ngazi, akasimamisha nguzo, akapanda juu kuezeka bila ngazi ya kupandia. Mama alikuwa akisema moyoni, huyu ataanguka, na alikuwa anabaki kutazama kama ataanguka. Wenzake wakiondoka na kuni zao, yeye anabaki.

"Yeye alijua?" niliuliza.

"Sikumwambia."

"Mpaka lini?"

"Sikumwambia," alirudia. Alipitisha kidole kwenye kioo, kutoka kwenye bati, akashuka mlangoni alipo yeye, akapita uwanja na ukingo, akafika kwenye msalaba, akakiacha hapo. "Nilidhani sitaiona tena hivi. Kutoka kwetu."

Nje mafundi walikuwa wakigonga tofali. Kisha akaniuliza, "Siku ile ya ukungu, ulikaa pale kwenye jiwe muda gani?"

"Saa nzima, mama."

"Mimi nilikaa mwaka," alisema.